Nestorius: Patriaki Aliyeponzwa na Neno Moja

Barazani kwetu, baada ya sala ya alasiri, huja kahawa, na kahawa ikishashuka vikombeni huja maneno. Hivi majuzi alikuja kijana mmoja na kijitabu chake mkononi, akakisoma kwa sauti kuu hata wapita njia wakasimama. Kijitabu kilidai kwamba heshima wanayopewa Bibi Maryamu na Wakristo haikutoka kwa Nabii Isa wala kwa wanafunzi wake. Ilitoka kwa masanamu ya kale: kwa Isis wa Misri aliyechorwa akimnyonyesha mwanawe, na kwa Artemi wa Efeso aliyekuwa na hekalu kubwa kupita yote. Kisha, mwaka wa 431, maaskofu wakakutana papo hapo Efeso, wakalipa sanamu la zamani jina jipya, na mambo yakesha.

Watu walicheka, wakanigeukia mimi kwa kuwa naandika magazetini. Nilikunywa kahawa yangu nikanyamaza. Sikunyamaza kwa kukosa la kusema, bali kwa sababu hadithi ile niliijua tangu ujanani, na nilipata kuitumia kama mkuki.

Mwanzo wa miaka ya tisini nilikuwa kijana mwenye kupenda mihadhara, na maneno hayo niliyahifadhi kwa moyo. Siku moja kazini nikamrushia mwenzangu mmoja, Mkristo kutoka milima ya Taita, mtu mzima kunizidi. Alikuwa ametoka kumzika mama yake juma lile, na rozari ilikuwa mkononi mwake. Nikamwambia yote: Isis, Artemi, Efeso. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimepata kujua ni nani aliyeshindwa siku ile huko Efeso, na alishindwa kwa neno gani. Sikuwa na jibu. Akaitia rozari mfukoni, akarudi kwenye kazi yake.

Ndugu msomaji, aibu ile haijanitoka mpaka leo. Mimi ni mtoto wa chuoni. Mwalimu wangu alitufunza kwamba habari huulizwa isnadi yake: kaipokea nani, kutoka kwa nani, na je, mtu huyo alikuwapo? Nami nilikuwa nimebeba habari isiyo na isnadi hata moja, nikaipiga nayo maiti ya mama wa mtu. Basi nikaanza kumtafuta huyo aliyeshindwa. Jina lake ni Nestorius, na hii ndiyo sira yake kwa ufupi.

Mtawa wa Antiokia

Nestorius alizaliwa katika miaka ya 380, katika mji wa Germanicia, ambao leo ni Kahramanmaraş katika nchi ya Uturuki. Alisoma Antiokia, mji mkubwa wa Shamu ya zamani, uliokuwa na maulamaa wake wa Kikristo na njia yao ya kufasiri vitabu. Njia hiyo ilishikilia sana maana ya wazi ya maandiko na ubinadamu kamili wa Isa: kwamba alizaliwa, alikula, alilala, alichoka, aliona maumivu kama watu. Nestorius akaingia utawa katika nyumba ya watawa ya Euprepius karibu na mji huo. Alikuwa na sauti nzuri na ulimi mwepesi, na watu wakimiminika kumsikiliza.

Sifa zake zikafika Konstantinopoli, mji mkuu wa dola ya Kirumi ya mashariki, ambao ni Istanbul ya leo. Kiti cha patriaki kilipokuwa wazi, mapadri wa mji walivutana wao kwa wao. Kaisari Theodosius wa Pili akaona heri amlete mgeni asiye na upande. Nestorius akawekwa wakfu tarehe 10 Aprili mwaka wa 428.

Hapa lazima niseme la kweli ijapokuwa linaniuma, kwa maana nilipoanza kumtafuta nilitamani kumkuta mtu mpole aliyeonewa. Sivyo. Nestorius aliingia madarakani kama upepo wa kusi. Katika hotuba yake ya kwanza mbele ya Kaisari alimtaka asafishe nchi kwa kuwaondoa waliohesabiwa wazushi, naye kwa malipo akamwahidi mbingu. Siku tano hazijapita akawa tayari anataka kulivunja kanisa dogo la Waario, kundi la Wakristo waliosema kwamba Mwana si sawa na Baba. Wenyewe, kwa kukata tamaa, wakalitia moto kuliko kuliona likivunjwa, na moto ukaruka kwenye nyumba za jirani. Tangu siku hiyo watu wa mji wakampachika jina la mtia moto. Mtu aliyekuja kuonewa kwa ajili ya itikadi yake alikuwa amekwisha kuwaonea wengine kwa ajili ya yao. Dunia ina zamu zake.

Neno lenyewe

Ugomvi ulianza kwa neno moja la Kiyunani: Theotokos. Maana yake ni aliyemzaa Mungu, na Wakristo wengi wakilitumia kumwita Bikira Maria katika sala zao. Padri mmoja aliyekuja na Nestorius kutoka Antiokia, jina lake Anastasius, alipanda mimbari akawakataza watu kulitumia. Hoja yake ilikuwa kwamba Maria ni binadamu, na Mungu hazaliwi na binadamu. Kanisa zima likavuma. Watu walitaraji patriaki amkanye padri wake, lakini Nestorius alisimama naye, akatoa hotuba baada ya hotuba juu ya jambo hilo.

Hoja zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ilimhusu Isa mwenyewe. Nestorius aliamini, kama Wakristo wenzake, kwamba Isa ni Mungu na ni mtu. Lakini alitaka Uungu na utu visivurugwe pamoja kama maziwa na maji. Aliyezaliwa Bethlehemu, akakua mwaka hata mwaka, akafa, ni katika utu wake. Uungu hauzaliwi kwa mwanamke wala haufi. Kwa hiyo alipendekeza neno la kati, Christotokos, yaani aliyemzaa Kristo. Aliona kwamba neno hilo lingewapatanisha waliosema Maria ni mzazi wa Mungu na waliosema ni mzazi wa mtu tu.

Hoja ya pili ndiyo inayotuhusu sisi wa barazani. Nestorius alionya kwamba ukisema Mungu ana mama, basi huna haki ya kuwalaumu wapagani ambao miungu yao ilikuwa na mama zao. Akawatahadharisha watu wasije wakamgeuza Bikira kuwa mungu wa kike. Na onyo lake halikuwa la hewani. Katika nchi zile Cybele alikuwa akiabudiwa kwa jina la Mama wa miungu tangu kale, na Isis alikuwa na hekalu lake Philae, kusini mwa Misri, ambalo lilikuwa lingali wazi zama za Nestorius na halikufungwa mpaka karne ya sita.

Tazama basi, msomaji wangu. Dai ambalo kijana alitusomea kama silaha mpya ya kuwapigia Wakristo, lilitamkwa karibu miaka elfu moja na mia sita iliyopita, na aliyelitamka si adui wa Kanisa. Alikuwa patriaki, mkuu wa maaskofu wa mji wa Kaisari. Lilitoka ndani ya nyumba.

Wakubwa wanapogombana

Nestorius hakukosa maadui. Proclus, mhubiri mashuhuri wa mji huo, alitoa hotuba ya kumsifu Bikira mbele yake yeye mwenyewe, akilitumia neno lile lile lililokatazwa. Pulcheria, dada yake Kaisari, binti aliyeweka nadhiri ya ubikira na mwenye nguvu kubwa katika jumba la kifalme, alikosana naye vibaya. Na ng'ambo ya bahari, Iskandaria ya Misri, alikuwako Cyril, patriaki mwenye elimu kubwa na mkono mzito.

Cyril alimwandikia Nestorius barua za kumkosoa. Hoja yake naye ilikuwa na uzito wake: ukimgawa Isa hivyo, utapata wana wawili, mmoja wa Mungu na mmoja wa Maria, na imani yote ya Kikristo itasambaratika. Kwa Cyril, neno Theotokos lilikuwa kufuli la mlango. Lilitajwa kwa jina la Maria, lakini lililinda itikadi juu ya mwanawe. Aidha haikufichika kwamba Iskandaria na Konstantinopoli zilikuwa zikishindania ukubwa, na neno hili likawa kuni juu ya moto uliokwisha washwa.

Wote wawili waliandika Roma. Mwezi wa Agosti mwaka wa 430, Papa Celestine na maaskofu wake walimhukumu Nestorius. Mwezi wa Novemba Cyril akamtumia laana kumi na mbili ili azikubali kwa maandishi. Kaisari, akiwa angali anamlinda patriaki wake, akaitisha mtaguso, yaani baraza kuu la maaskofu, Efeso, kwenye Pentekoste ya mwaka wa 431.

Siku moja huko Efeso

Nestorius aliwahi kufika. Cyril naye alifika na maaskofu wa Misri wapatao hamsini. Askofu wa Efeso, Memnon, alikuwa upande wa Cyril, hata makanisa ya mji yakafungwa kwa Nestorius. Rafiki yake Nestorius, Yohana, patriaki wa Antiokia, alikuwa njiani na maaskofu wa Shamu, na safari yao ya nchi kavu ilikuwa ngumu, wakachelewa.

Cyril hakungoja. Tarehe 22 Juni aliufungua mtaguso katika kanisa lililoitwa kwa jina la Maria. Maaskofu 68 walikuwa wamepinga kwa maandishi baraza lisifunguliwe kabla ya wenzao kufika. Candidian, afisa aliyetumwa na Kaisari kusimamia mambo, alipinga naye. Hawakusikilizwa. Nestorius aliitwa akakataa kuja, akisema atakuja maaskofu wote watakapotimia. Nyumba aliyofikia ilikuwa imezungukwa na askari wa kumlinda. Jioni ya siku ile ile maaskofu zaidi ya 150 walikuwa wamekwisha mvua madaraka. Mshitaki wake mkubwa ndiye aliyekalia kiti cha kadhi.

Watu wa Efeso walikuwa wakingoja nje tangu asubuhi. Maaskofu walipotoka, walisindikizwa kwa mienge mpaka walikofikia, na wanawake wakatangulia na vyetezo vya uvumba. Hapo ndipo waandishi wa vijitabu wanapochukua picha yao: mji wa Artemi, mienge, wanawake, uvumba, na jina la mama likishangiliwa. Nami nakiri kwamba picha ile ina nguvu. Ni katika mji huo huo, karibu karne nne kabla, mafundi wa fedha na umati walipiga kelele yapata saa mbili kwa ajili ya mungu wao wa kike, wakihofia biashara ya vihekalu vyao isiharibiwe na mahubiri ya Paulo.

Siku chache baadaye Yohana wa Antiokia akawasili. Alipopata habari alikasirika, akakutana na maaskofu wake arubaini na kitu, nao wakamvua madaraka Cyril na Memnon. Ikawa kila upande umemhukumu mwenziwe. Mwezi wa Julai wajumbe wa Papa walifika, wakaunga mkono upande wa Cyril. Kaisari, kwa kuchoka, kwanza alikubali hukumu zote mbili, akawatia kizuizini wakubwa hao. Kisha zawadi za Iskandaria zikaanza kusema katika jumba la kifalme. Orodha ya zawadi hizo ipo hata leo: dhahabu, mazulia, viti vya pembe za ndovu. Cyril akarudi kwao kama mshindi. Nestorius aliomba arudi kwenye nyumba yake ya watawa, akaruhusiwa.

Je, masanamu yalihamia?

Hapa nasimamisha hadithi kidogo ili nilijibu swali la kijana, kwa sababu anastahili jibu.

Kwanza, jina lile halikuzuliwa Efeso. Askofu Alexander wa Iskandaria alilitumia yapata mwaka wa 324, zaidi ya miaka mia moja kabla ya mtaguso. Pili, alikuwako Kaisari mmoja, Julian, aliyeuacha Ukristo akarudia miungu ya kale, akatawala mwaka wa 361 hadi 363. Huyu aliandika kitabu cha kuwashambulia Wakristo, na katika malalamiko yake ni kwamba hawaachi kumwita Maria aliyemzaa Mungu. Fikiri basi: mtu aliyeipenda miungu ya kike kwa roho yake yote hakuitambua miungu hiyo katika jina lile. Aliliona ni neno la kigeni, nalo lilimuudhi. Lau lingekuwa limeibwa nyumbani kwake, angelikuwa wa kwanza kulidai.

Tatu, ni hilo hekalu. Hekalu la Artemi lilikuwa limeporwa na Wagothi tangu karne ya tatu, na mahali pake pako nje ya mji wa kale. Magofu ya kanisa la Maria yanayoonekana leo yako pengine kabisa, ndani ya mji, kwenye ukumbi wa upande wa kusini wa uwanja wa hekalu jingine la Kirumi, la zama za Kaisari Hadrian. Kwa hiyo wale wasemao kanisa lilijengwa juu ya hekalu la Artemi hawakupata kuuliza njia.

Lakini uadilifu una makali mawili. Si kweli pia kwamba hofu ya Nestorius ilikuwa ndoto. Yapata mwaka wa 375, Epiphanius, askofu wa kisiwa cha Kipro, aliandika habari za wanawake huko Arabuni waliokuwa wakitandika kiti, wakaweka mkate na kuutoa sadaka kwa jina la Maria, kisha wakaula. Epiphanius aliwakemea vikali. Alisema Maria apewe heshima, na ibada apewe Mungu. Basi habari ya jambo lile ipo, na aliyeiandika na kulipinga alikuwa askofu wa Kikristo. Tena haikanushiki kwamba baada ya Efeso heshima ya Maria ilipanda. Roma lilijengwa kanisa kubwa kwa jina lake katika zama za Papa Sixtus wa Tatu, aliyeshika kiti mwaka wa 432 hadi 440. Wachoraji wa Misri nao, walipomchora Maria akinyonyesha, walikuwa na macho yaliyokwisha ona picha za Isis.

Umbo laweza kuazimwa, na maana isiazimwe. Sisi wa Pwani tunafukiza udi na ubani katika maulidi na katika harusi. Uvumba huo huo ulifukizwa mbele ya masanamu ya Misri na ya Rumi kabla ya babu wa babu zetu. Akitokea mtu akasema kwa moshi huo tunaabudu Isis, tutamwambia nini? Tutamwambia aulize nia kwanza. Basi na tuwape wenzetu ile haki tunayoitaka sisi.

Jangwani

Tumrudie mtu wetu. Mwaka wa 433 Yohana wa Antiokia alipatana na Cyril. Katika mapatano hayo neno Theotokos lilikubaliwa pande zote, Cyril akaridhia baadhi ya maneno ya watu wa Antiokia juu ya tabia mbili za Isa, na bei ya amani ikawa ni kichwa cha Nestorius. Rafiki yake aliitia sahihi hukumu yake. Mwaka wa 435 Kaisari akaamuru vitabu vyake vichomwe moto. Aliyeitwa mtia moto akachomewa vyake.

Halafu akahamishwa mbali, hatimaye akapelekwa kwenye oasisi ya Kharga, katika jangwa la magharibi mwa Misri, yaani katika nchi ya adui yake Cyril. Huko alikaa miaka. Siku moja makabila ya kusini yakaivamia oasisi, yakamchukua mateka pamoja na wengine, kisha yakawaachilia. Mzee angeweza kutoroka. Badala yake alikwenda mji wa Panopolis, ambao ni Akhmim ya leo, akamwandikia liwali wa Kaisari kumjulisha alipo, ili asije akaambiwa amekimbia hukumu. Malipo yake yakawa ni kusukumwa na askari kutoka mji huu hadi mji ule, akiwa na majeraha ya mkono na ya ubavu.

Katika hali hiyo aliandika kitabu cha kujitetea. Kwa kuwa jina lake lilikuwa marufuku, kitabu kikaenda kwa jina la mtu mwingine, Heracleides. Humo lipo jambo moja ambalo kwangu limefunika makosa yake yote ya ujana. Mwaka wa 449 Papa Leo wa Roma alitoa waraka juu ya tabia mbili za Isa, na Nestorius aliposikia habari zake aliona ni kile kile alichokisema yeye. Angeweza kupiga kelele akadai haki yake. Alinyamaza. Alichelea kwamba watu wakisikia Nestorius ameukubali waraka ule, wataukataa kwa chuki yake yeye. Akaona ni bora yeye aendelee kulaaniwa na kile anachokiamini kuwa kweli kiendelee kusimama.

Mtu aliyeingia mjini akiomba wengine wafukuzwe, aliondoka duniani akiwa radhi ajina lake lizikwe. Alikufa huko Misri yapata mwaka wa 450 au 451. Mwaka huo wa 451 mtaguso mwingine ulikutana Chalcedon, ukashikilia tabia mbili za Isa, na ukaithibitisha tena laana juu ya Nestorius.

Kutoka jangwani hadi bahari yetu

Waliosoma kwa walimu wa Antiokia hawakukubali kumlaani. Mwaka wa 489 Kaisari Zeno aliifunga shule yao ya Edessa, wakavuka mpaka wakaimarisha shule ya Nisibis katika dola ya Waajemi. Kanisa la huko, ambalo Nestorius hakuliasisi wala hakupata kulitia mguu, likaitwa la Kinestori na wengine, nalo likamhesabu miongoni mwa walimu wake. Kanisa hilo likaenea hata Uchina, ambako jiwe la mwaka wa 781 huko Xi'an lasimulia kufika kwa wajumbe wake mwaka wa 635. Lilikuwa na maaskofu katika Ghuba, na kwenye kisiwa cha Sir Bani Yas huko Abu Dhabi yamefukuliwa magofu ya nyumba yao ya watawa. Lilikuwa Sukutra pia, kisiwa ambacho mabaharia wetu wa majahazi wakikijua vyema: katika karne ya sita msafiri Cosmas aliandika kwamba Wakristo wa huko waliletewa mapadri wao kutoka Uajemi.

Na Baghdad, katika zama za Bani Abbas, daktari Hunayn ibn Ishaq, aliyezaliwa mwaka wa 808 na kufa mwaka wa 873, alikuwa mtu wa kanisa hilo. Yeye na wenzake ndio waliozitia vitabu vya Galen na wengineo katika Kiarabu, na elimu hiyo maulamaa wetu wakainywa. Wala usidhani watu wa kanisa hilo walimdharau Maria. Wana siku zao za kumkumbuka, na jina wanalomwita ni mama wa Kristo.

Kitabu cha Nestorius kilipotea kwa karne nyingi. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa nakala yake ya Kisiria ilipatikana katika milima ya Wakurdi, ikapigwa chapa mwaka wa 1910. Na tarehe 11 Novemba mwaka wa 1994, huko Roma, Papa Yohane Paulo wa Pili na Mar Dinkha wa Nne, Patriaki wa Kanisa la Ashuri la Mashariki, walitia sahihi tamko la pamoja. Walikubaliana kwamba wanaomwita Maria mama wa Mungu na wanaomwita mama wa Kristo wanaungama imani moja, na kila upande ukaliheshimu jina la mwenziwe. Neno la kati ambalo Nestorius alilipendekeza likamvunja, lilipokewa baada ya miaka 1,563.

Hayo ndiyo niliyomweleza kijana barazani, kahawa ikatupoa. Sikumwambia kwamba sisi na Wakristo tunaamini mamoja, si kweli. Kwetu Nabii Isa ni mtume na mja, na Nestorius mwenyewe asingekubali hilo. Nilimwambia tu kwamba Bibi Maryamu, mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake katika Kurani, na mwenye sura kwa jina lake, si mtu wa kumfanyia mzaha wala wa kumzulia. Anayetaka kubishana juu yake na abishane kwa isnadi.

Kijana alikikunja kijitabu chake akakitia mfukoni. Nikamkumbuka mwenzangu wa Taita na rozari yake. Alikwisha fariki zamani, kabla sijamrudishia jibu. Aliniuliza ni nani aliyeshindwa huko Efeso, na kwa neno gani. Sasa ninalijua, nami nimelichelewesha mno. Ndiyo maana nimeliandika hapa.